Azima Wimbo, Usiazime Kinywa

Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma ulipoanza mwezi Machi mwaka 2018, nilifunga mlango wa ofisi, nikaziacha mezani insha za wanafunzi ambazo sikuwa nimezisahihisha, nikapanda matatu kwenda kwetu Silibwet. Nilidhani ningekaa nyumbani wiki mbili. Mgomo uliendelea hadi Mei, na muda huo wote mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nilikuwa mchumaji wa majani chai katika shamba la mama yangu.

Msomaji ambaye hajafika pande zetu na ajue kwamba Silibwet ni mji mdogo katika Kaunti ya Bomet, karibu na hospitali ya Tenwek, na kwamba maisha ya hapa huendeshwa na chai. Mwenye shamba dogo huingia shambani umande ungali juu ya majani. Huchuma majani mawili na kichipukizi chake, hutupia kikapuni mgongoni, kisha hupeleka mavuno kituoni. Hapo hungoja mizani, hungoja karani, na zaidi ya yote hungoja lori la kiwanda. Majani yaliyochumwa hayana subira, kwa kuwa yakikaa yamesongamana hupata joto, yakageuka rangi na kukataliwa. Lori nalo lina subira tele, hasa wakati wa masika, barabara zinapogeuka tope. Masika ya mwaka 2018 yalikuwa makubwa nchini kote, na mara nyingi tulingoja kituoni hadi giza likaingia. Malipo ya kila mwezi hukidhi sukari na sabuni. Karo na mabati hungoja malipo ya pili ya mwaka, ambayo kila mtu huyaita bonasi.

Nayaeleza haya kwa sababu ratiba ya kwaya ya kanisa letu ilitegemea lori hilo. Mazoezi yalikuwa Jumanne na Jumamosi jioni, lakini yalianza pale tu majani yalipopimwa na kupakiwa. Nilijiunga nayo ili kukimbia upweke, nikawekwa miongoni mwa waimbaji wa besi, kati ya mwendesha bodaboda na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi.

Nilikuta kwaya imegawanyika. Wazee walitaka Pasaka iimbwe nyimbo za kitabuni, zile zilizoletwa na wamisionari na kutiwa maneno ya Kikalenjin na ya Kiswahili, zikapangwa katika sauti nne. Wenyewe walijifunza kwa mfumo wa do-re-mi ambao Mwingereza John Curwen aliueneza katika karne ya 19. Vijana walitaka wimbo wa kwaya moja ya Tanzania waliouhifadhi kwenye simu. Tena hawakutaka kuuimba tu. Walitaka kinanda kicheze midundo ile ile, mwimbaji kiongozi avute pumzi pale pale, na kila neno litamkwe kama lilivyotamkwa Dar es Salaam. Ikafika hadi ikapendekezwa kwamba rekodi yenyewe ichezwe chini chini, nasi tuimbe juu yake, ili makosa yetu yasisikike.

Ugomvi huo haukunishangaza. Katika boma moja la kwetu utamkuta baba anayempenda Jim Reeves na Dolly Parton kana kwamba walizaliwa Sotik, mama asiyejua wimbo wowote nje ya kitabu cha kanisa, mjomba aliyetunza santuri za Kipchamba arap Tapotuk, na vijana ambao simu zao zimejaa kwaya za Tanzania na Rwanda. Hawa wote hunywa chai kutoka birika moja. Walakini kanisa lina Pasaka moja kwa mwaka, na lazima wimbo mmoja utangulie.

Maadamu mimi ni daktari wa lugha, niliombwa kuamua. Mhadhiri aliye mgomoni ana njaa ya kuhadhiri. Nilisimama nikanena kwa dakika arobaini.

Nilieleza kwamba Kikalenjin ni lugha ya toni. Katika sentensi zetu kitenzi hutangulia, na kupanda au kushuka kwa sauti katika nomino zinazofuata ndiko kunakomwonyesha msikilizaji nani ametenda na nani ametendwa. Sasa mtu akiyachukua mahadhi ya Uingereza au ya Marekani akayatia maneno yetu, sauti huweza kupanda pale neno linapotaka kushuka. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, nikaongeza, lakini kina mkazo, na aghalabu mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Asemaye “barabara” kwa kukaza silabi ya tatu ametaja njia ya magari. Akikaza ya pili amesema “sawasawa”. Mahadhi ya kigeni hayaijui sheria hiyo. Nikamtaja Ephraim Amu wa Ghana, mwalimu aliyepoteza kazi yake katika chuo cha Akropong mwaka 1933 kwa kushikilia mavazi na muziki wa Kiafrika kanisani, ambaye alitunga nyimbo zake zifuate toni za Kiewe na Kitwi. Nikahitimisha kwamba wazee wamekosea na vijana wamekosea, na kwamba dawa ni kutunga upya.

Kimya kilitanda. Kisha mama mmoja wa sauti ya alto, aliyekuwa bado amevaa viatu vya mpira vyenye tope la shambani, akanyosha mkono.

“Mwalimu,” akasema, “nyimbo hizi tumeziimba tangu nikiwa msichana. Je, kuna yeyote aliyetoka hapa akidhani kwamba sisi ndio tuliomwokoa Yesu?”

Kwaya nzima iliangua kicheko. Nami nilicheka, ingawa haya zilinishika. Mama yule hakuwa amemaliza. Aliniomba nifunge kitabu nisikilize, akawaashiria wenzake, wakaimba.

Nilisikia jambo ambalo sikuwa nimelisikia miaka yote niliyokuwa nikiimba huku macho yangu yako kitabuni. Pale kitabu kiliposema sauti ipande, alto waliipandisha kidogo tu, kisha wakaitelemsha ndani ya neno lile lile. Pale kitabu kilipozipa irabu ndefu na fupi muda sawa, wao waliivuta ile ndefu na kuikata ile fupi. Hakuna aliyewafundisha. Waliurekebisha wimbo kidogo kidogo kwa miongo mingi, jinsi mpini wa jembe unavyolainishwa na viganja vya anayelima. Mimi nilikuwa nimekisoma kitabu. Waimbaji sikuwa nimewasikiliza.

Usiku ule nilikumbuka kisa cha Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodia muziki, alifika Kapkatet, upande wa Bureti. Wasichana wa Kipsigis walimwimbia wimbo juu ya kiumbe aliyeitwa Chemirocha ambaye, kwa maelezo ya Tracey, alikuwa nusu mtu na nusu swala. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyefanya kazi ya reli kabla ya kuwa mwimbaji maarufu, akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika hadi kwenye vilima vyetu.

Hebu tulitazame jina hilo. Sauti ya kwanza ya “Jimmie” haimo katika Kikalenjin, basi ikawa “ch”. Sauti iyo hiyo katikati ya “Rodgers” nayo ikawa “ch”. Na neno linaloanza na “Che-” ni kama limevaa nguo za kwetu tayari, kwani hivyo ndivyo yanavyoanza majina mengi ya wasichana wetu: Chebet, Chemutai, Chepkoech. Mgeni yule aliingizwa katika lugha kupitia mlango ambao lugha yenyewe ilikuwa nao. Rekodi ile ilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, na zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa nakala zake zilirudishwa Kapkatet. Walio nchi za mbali wanaoipenda wamevutiwa na kile ambacho wasichana wale walimfanyia Rodgers. Laiti wangalimwiga tu, nani angaliwakumbuka?

Jumamosi iliyofuata ndipo nilipokijua kiini cha ugomvi wetu. Aliyechaguliwa kuongoza wimbo wa vijana alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mwenye sauti safi kuliko sote. Nilimwuliza kwa nini alitaka rekodi ichezwe chini ya sauti yake. Alitazama sakafu.

“Mwalimu,” akajibu, “nikisoma Kiswahili darasani wananicheka. B yangu inakuwa P, D inakuwa T, G inakuwa K. Hata mwalimu hucheka.”

Msomaji mpenzi, maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa njia hiyo niliipita. Katika Kikalenjin, P na B si sauti mbili zinazotofautisha maneno. Wala T na D, wala K na G. Mtoto aliyelelewa katika lugha hiyo huipokea sauti ya kigeni na kuitia katika ghala ya sauti alizo nazo. Kinywa chake hufanya kazi ile ile iliyofanywa na vinywa vya Kapkatet mwaka 1950. Kazi ya wale imehifadhiwa maktabani. Ya huyu huchekwa darasani, naye akiwa na miaka 16 ameamua kwamba heri sauti ya mtu mwingine isikike badala ya yake.

Hapo nikaelewa kwamba vijana wetu hawakuwa wakipigania muziki mpya. Wengi wao walikuwa wakitafuta mahali pa kujificha. Anayependa wimbo huutafuna hadi ukawa wake, ilhali anayejionea haya huuvaa kama barakoa.

Sisemi kwamba wazee walikuwa na haki yote. Nyimbo za kitabuni nazo zilivuka bahari, na bila shaka palikuwa na wazee wa zamani walioziona kuwa kelele za wageni. Wimbo wa Dar es Salaam haujafanya kosa lolote kwa kuchelewa kufika. Wala sisemi kwamba mwalimu wa Kiswahili aache kusahihisha. “Bata” na “pata” ni maneno mawili, na mtihani hautamwuliza mtoto kwao ni wapi. Tofauti hiyo ifundishwe kwa mazoezi na subira, kama mwalimu wa kwaya anavyomrudisha mwimbaji kwenye noti yake mara kumi bila kumdhihaki. Mwanafunzi aliyechekwa hajifunzi B. Hujifunza kunyamaza, na mwalimu hudhani amepona.

Fauka ya hayo, walimu wanaoziandaa kwaya kwa ajili ya Tamasha za Muziki za Kenya, ambazo chanzo chake ni mwaka 1927, wanayajua majaribu ya kuchukua rekodi ya shule iliyoshinda mwaka uliopita na kuwakaririsha watoto kila pumzi yake. Huenda njia hiyo ikaleta kikombe. Lakini karibu na kila shule kuna bibi anayejua kuutelemsha wimbo ndani ya neno, na hakuna aliyewahi kumwalika aje aketi na kwaya alasiri moja.

Pasaka ya mwaka ule iliangukia Aprili 1. Jumamosi ya mkesha lori lilichelewa tena, na wanaume wawili wa sauti ya tena hawakufika mazoezini. Siku yenyewe tuliimba nyimbo zote mbili. Rekodi haikuchezwa. Msichana alianza kwa woga, chini mno, na ubeti wa kwanza haukufika viti vya nyuma. Yule mama wa alto, safari hii akiwa na viatu safi, alisogea hatua moja akasimama karibu naye. Ubeti wa pili ulifika hadi nje, walikosimama waliokosa viti. P ilisikika mahali pa B, si mara moja. Hakuna aliyecheka.

Nisidanganye kwamba kila mtu aliridhika. Mzee mmoja wa besi alihamia viti vya waumini kwa kukasirishwa na kinanda, na hadi leo hajarudi kwaya. Kila nikimwona nasikitika, kwani sauti kama ile haijengwi kwa mwaka mmoja, na sidhani kwamba tulimsikiliza yeye kama tulivyowataka wengine wasikilizane.

Mgomo ulipokwisha nilirudi chuoni nikiwa na viganja vyenye sugu na kazi ya miezi miwili iliyolimbikizana. Tangu mwaka ule, zoezi la kwanza ninalowapa wanafunzi wa fonolojia ni moja. Waende nyumbani, wamrekodi mzee mmoja akiimba wimbo wa kitabuni, kisha waonyeshe kila mahali anapotofautiana na kitabu na waeleze sababu ya kila tofauti. Nawaonya mapema kwamba atakayeniletea karatasi yenye kichwa “Makosa ya Bibi” ataifanya upya.

Walimu wenzangu, kesho mtasimama mbele ya mtoto anayesoma kwa sauti. Kabla hamjamsahihisha, msikilizeni hadi mwisho wa sentensi. Nanyi wanafunzi, azimeni nyimbo popote mpendapo, Dar es Salaam, Kigali au Marekani. Mkifika nazo nyumbani, ziimbeni kwa vinywa vyenu.