Ituri: Mkasa wa dawa bandia wakumbusha wenye farmasia kuendelea kusoma

Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, watu 1.029 walilazwa hospitalini kaskazini-mashariki mwa Kongo, shingo zimekakamaa, uso na ulimi vimepinda. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Vipimo vikaonyesha kwamba vidonge vilivyouzwa kama diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Wagonjwa 11 walikufa.

Kwa macho tu, kidonge bandia ni vigumu kukitambua. Lakini mfamasia aliyefundishwa kufuatilia madhara ya dawa huuliza mgonjwa alimeza nini, hutunza kopo na namba yake, na akiona watu kadhaa wenye dalili moja, husimamisha mauzo na kujulisha zone ya afya.

Tena, dawa zenyewe hubadilika. Aliyemaliza masomo miaka ya 1990 alifundishwa kutibu malaria kwa klorokini. Vimelea viliizoea, ikaachwa, na mwaka 2005 Kongo ikachukua artesunate pamoja na amodiaquine. Diploma ya zamani ukutani haielezi hayo.

Mashariki mwa nchi, familia nyingi hupita farmasia ya mtaani kabla ya kumuona muganga. Kwa hiyo masomo ya kila mara yanahitajika hata kwa msaidizi anayebaki kauntani wakati mwenye duka hayupo, kwani naye hukabidhi watu dawa kila siku.