Farasi Ndani ya Kiingereza, Sehemu ya Nne: Hatamu

Msimu wa bajeti umewadia, na farasi ameingia tena bungeni. Fungua gazeti lolote la Kiingereza la Nairobi, Kampala au Dar es Salaam: serikali inataka 'to rein in' matumizi, benki kuu inataka 'to rein in' mfumuko wa bei. Kitenzi hicho hakikuzaliwa katika vitabu vya uchumi. Ni cha mtu aliyeketi juu ya tandiko, anayevuta mikanda kuelekea tumboni mwake ili mnyama apunguze mwendo. Nimeamua kukipa sehemu nzima ya mfululizo huu kwa sababu taarifa moja ya habari ya Kiswahili niliyoisikiliza ilitangaza kwamba serikali imeazimia "kutawala matumizi". Mfasiri alisikia 'reign', neno la wafalme. Masikioni maneno hayo mawili hayatofautiani hata kidogo. Asiyejua kifaa chenyewe hana namna ya kujua lipi limesemwa.

Tandiko tumelimaliza, na kikuku tulikiaga sehemu iliyopita. Sasa tupande kichwani. Kinywani mwa farasi, kati ya meno ya mbele na magego, kuna pengo lisilo na jino. Hapo ndipo lijamu hukaa, juu ya ufizi mtupu wenye hisia kali. Mikanda inayotoka kwenye lijamu hadi mikononi mwa mpandaji ndiyo 'reins', ambayo kamusi zetu huiita vigwe au, kwa upana zaidi, hatamu. Mpandaji mzuri havuti kwa nguvu. Anafunga vidole kidogo tu, na mnyama mwenye uzito wa kilo mia tano anaelewa.

Neno hilo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuzuia kitu kisiondoke, kilekile kilichozaa 'retain'. 'Reign' nalo limetoka Kilatini kwa njia hiyohiyo ya Kifaransa, ila ukoo wake ni wa neno la mfalme.

Lakini hatamu zenyewe ni za kale kuliko Kilatini cha vitabu. Mwaka 1896, huko Delphi nchini Ugiriki, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua sanamu ya shaba ya kijana mwendesha gari la mashindano, yenye urefu wa kama mita 1.8. Gari na farasi wake vimepotea karibu vyote. Mkononi mwake, hata hivyo, vipande vya hatamu vingalipo hadi leo, miaka karibu 2,500 tangu sanamu ilipotengenezwa. Karne iliyofuata Xenophon, askari na mwandishi wa Athens, alitunga kitabu kizima cha upandaji farasi. Anamwonya mpandaji asimwendee mnyama akiwa na hasira, na anafundisha kwamba farasi akitii alegezewe papo hapo, legezo hilo liwe ndilo tuzo lake. Ningependa kila anayekabidhiwa watu wa kuwaongoza akisome kitabu hicho. Waendesha magari wa Roma walifanya kinyume: walizifunga hatamu kiunoni ili wavute kwa mwili mzima. Gari lilipopinduka waliburutwa nazo, na kwa hiyo kila mmoja alibeba kisu cha kuzikatia.

Turudi kwenye Kiingereza. Anayepokea uongozi wa kampuni au wizara husemwa 'takes the reins'. Anayewabana walio chini yake amewawekea 'a tight rein'. Ushindi mwepesi huitwa 'hands down', kwa kuwa mpanda farasi aliyewaacha wenzake mbali hushusha mikono na kulegeza hatamu kabla ya kufika mwisho. Msemo mzuri kuliko yote ni 'free rein'. Mpandaji anayeteremka mlima wa mawe huacha mikanda irefuke, maana farasi anahitaji shingo yake yote ili asawazishe mwili, tena ndiye anayeona pa kukanyaga. Hata hivyo mpandaji hatupi hatamu. Bado zimo mkononi mwake. Kumpa mtu 'free rein' ni kumwamini huku ukiendelea kuwajibika naye. Siku hizi hata wenye lugha yao huandika 'free reign', na imani hiyo inageuka kuwa ufalme usio na mipaka. Mimi sikubali kwamba ni kosa la tahajia tu. Polisi aliyepewa 'free rein' ana bosi wa kumzuia. Aliyepewa 'free reign' hana.

Nasi tuna sehemu yetu katika habari hii. Katiba ya Tanzania ilipobadilishwa mwaka 1975 na TANU kupewa ukuu juu ya vyombo vyote vya nchi, tulipata kaulimbiu ya chama kushika hatamu, na CCM iliirithi mwaka 1977. Ni taswira ileile ya Waingereza, lakini siasa zetu zilichukua nusu yake. Tunashika hatamu, tunakabidhiana hatamu, tunanyang'anyana hatamu. Kuzilegeza ni nadra kusikika jukwaani. Waraka wa Yakobo katika Biblia yetu unazitaja hatamu kwa ajili ya kuzuia ulimi wa mtu mwenyewe, na matumizi hayo pia tumeyaachia wahubiri.

Nafasi imekwisha, na bajeti nimeigusa kidogo tu. Basi nawaomba wahariri na wafasiri wa vyumba vya habari: mkikuta 'rein in' katika hotuba ya waziri, andikeni kubana matumizi, au kudhibiti mfumuko wa bei. 'Free rein' iwe kupewa uhuru wa kuamua. Na mkikuta mwandishi wa Kiingereza ameandika 'free reign', msimfuate. Someni habari yote kwanza, kisha muulize nani amebaki na hatamu.