Gundi za bodi: Bei ya tyubu yawapotosha waundaji wa magari ya kulala

KARAKANA inayounda bodi ya gari la kulala watalii inaweza kuokoa fedha kidogo kwenye gundi na kupoteza faida yote ya kazi hiyo mvua za kwanza zinapoanza. Chanzo cha hasara hiyo mara nyingi ni kununua kwa kuangalia bei ya tyubu peke yake, bila kuuliza tyubu hiyo imetengenezwa kwa kazi gani.

Arusha na Nairobi ni miji inayojulikana kwa kazi ya kubadilisha magari ya utalii. Karakana za huko hukata Toyota Land Cruiser, huirefusha na kuiwekea paa linaloinuka. Gari la kulala, au kampa kama wengi wanavyoliita, ni hatua moja zaidi: sanduku la bati la aluminiamu, faibaglasi au plaiwudi juu ya fremu ya chuma, lenye madirisha, tundu la hewa juu na sinki ndani. Kila kiungo cha sanduku hilo ama kishikwe na gundi ama kizibwe maji yasipite, na mara nyingi vyote viwili.

Tatizo linaanzia kaunta. Mteja huomba "silikoni" na muuzaji humpa silikoni. Ile ya kawaida, yenye harufu kali ya siki, si bidhaa mbaya. Inavumilia jua na joto, na kuzunguka sinki inafanya kazi yake vizuri. Kwenye bodi ya gari ni habari nyingine. Haipakiki rangi, asidi inayotoka wakati inapokauka hushambulia mabati, na mabaki yake huzuia gundi nyingine kushika. Fundi atakayeitwa kuziba uvujaji mwaka unaofuata atalazimika kukwangua hadi kwenye chuma kitupu, na saa hizo za kukwangua ni vigumu kumpata wa kuzilipia.

Kinachotumika zaidi kwa bodi ni poliyurethani, jamii ile ile inayoshikilia vioo vya mbele vya magari. Hapa pia jina halitoshi. Kampuni ya Sika ya Uswisi, kwa mfano, inauza Sikaflex-221, iliyokusudiwa hasa kuziba, na Sikaflex-252, iliyokusudiwa viungo vinavyobeba mzigo. Kwa mtu asiyesoma namba, tyubu ni tyubu. Mwenye duka anayezipanga rafu moja bila kumweleza mteja tofauti anajitafutia ugomvi.

Kwa nini isitumike gundi ngumu kama epoksi, au ribiti tupu? Hesabu ni rahisi. Mita moja ya aluminiamu hutanuka kwa milimita 0.023 kila joto linapopanda nyuzi moja. Chuma hutanuka kwa milimita 0.012. Chukua bodi ya mita 4 na tofauti ya nyuzi 40 kati ya baridi ya alfajiri na jua la mchana juu ya paa. Bati litaongezeka karibu milimita 3.7, fremu chini yake milimita 1.9. Tofauti ya milimita 1.8 lazima iende mahali fulani. Gundi inayonyumbuka, ikiwa na unene wa milimita 3 hivi, huimeza. Ikibanwa mpaka ikawa nyembamba kama karatasi, hupasuka, hata ingekuwa ya bei ghali kuliko zote. Ndiyo maana mafundi makini huweka vipande vidogo vya mpira katikati kabla ya kukaza.

Aidha, poliyurethani hukauka kwa unyevu wa hewa, takriban milimita 3 hadi 4 katika saa 24 za kwanza, kisha polepole zaidi. Kuipaka eneo lote kati ya mabati mawili ni kupoteza mali, kwa kuwa hewa haifiki katikati. Inapakwa kwa mistari yenye nafasi. Pia hudhoofishwa na jua kali, hivyo isiachwe wazi nje. Kwa mistari inayoonekana nje, gundi za jamii ya MS polima huvumilia jua vizuri zaidi, ingawa kwa kawaida bei yake iko juu.

Madirisha na tundu la hewa yana hesabu yake. Hapo utepe wa butili, ambao haugandi kabisa na unaweza kutolewa siku kioo kikivunjika, unafaa kuliko gundi kali. Madirisha ya plastiki yanahitaji uangalifu wa pekee, kwani baadhi ya gundi na thina huyatia nyufa. Povu jeupe la kuzuia joto nalo huyeyuka likipakwa gundi ya kawaida ya kubandika yenye thina; wengi wamejifunza hilo baada ya kuharibu ubao mzima.

Kwa upande wa gharama, kipimo sahihi ni bei kwa mita. Mstari wa pembe tatu wenye upana wa milimita 8 na kimo cha milimita 10 hufanya tyubu ya mililita 300 ifike mita 7.5. Bodi yenye mita 60 za viungo itahitaji tyubu 8, na za akiba juu yake. Tofauti ya bei kwa tyubu nane ni ndogo ukiilinganisha na siku chache za kubandua paa lililovuja huku gari likikosa safari.

Kwa wanaofikiria kuingiza bidhaa hii, hatari kubwa ni tarehe. Tyubu nyingi za poliyurethani hudumu miezi 9 hadi 12 tangu kutengenezwa, kwa sharti zihifadhiwe mahali pa baridi, mara nyingi chini ya nyuzi 25. Kontena likikaa juani bandarini wiki kadhaa, muda huo hupungua. Bei ya kutupwa inayotolewa na wauzaji wa nje kwa shehena iliyobakiwa na miezi mitatu ichunguzwe kwa makini kabla ya fedha kutumwa. Mnunuzi wa tyubu moja ana njia yake rahisi: aibonyeze. Ikiwa imekuwa ngumu, imekwisha gandia ndani.