Ukuta mwembamba unaoweza kupotosha tiba ya saratani

MGONJWA wa saratani anapolazwa chini ya mashine ya miale, daktari huwa tayari ameagiza kiwango maalumu. Kikizidi, viungo vizima huungua. Kikipungua, uvimbe husalia. Mnamo 1976, tume ya kimataifa ya vipimo vya miale ilipendekeza kiwango kinachomfikia mgonjwa kisihitilafiane na kilichoagizwa kwa zaidi ya asilimia 5.

Kifaa cha kupimia miale hiyo ni kijichumba chenye hewa ndani. Miale hugonga ukuta wake na kung'oa elektroni, nazo zipitapo hewani huzua chaji ya umeme inayohesabiwa. Kwa miale ya kobalti-60, ukuta huo hauna budi kuwa mnene kiasi ili elektroni zinazoingia hewani zitoke kwenye ukuta wenyewe.

Hapo ndipo penye utata. Ukuta huo huo hufyonza sehemu ya miale na kutawanya nyingine, hivyo kifaa husoma pungufu. Sharti hesabu isahihishwe.

Kwa miaka mingi wataalamu waliongeza unene wa ukuta hatua kwa hatua, wakanakili matokeo, kisha wakachora mstari mnyoofu kurudi hadi pale ambapo unene ungekuwa sifuri. Njia hiyo ilikuwa na kasoro. Katika kijichumba cha mviringo, miale inayopita katikati huvuka ukuta moja kwa moja, ilhali inayopita pembeni huukata mshazari na kupenya unene mkubwa zaidi. Kwa sababu hiyo, karibu na sifuri mstari hupinda, na usahihisho wa zamani haukutosha.

Tangu mwaka wa 1990 hivi, wanafizikia Alex Bielajew na David Rogers wa Canada walidhihirisha kasoro hiyo kwa mbinu ya Monte Carlo, ambapo kompyuta hufuata safari ya chembe moja moja. Mnamo 2003, NIST, maabara ya vipimo ya Marekani, ilirekebisha kigezo chake cha kobalti-60 kwa takriban asilimia 1.

Tofauti hiyo huenda ikaonekana ndogo, lakini ni moja kwa tano ya hitilafu yote inayoruhusiwa. Isitoshe, vifaa vya hospitali husawazishwa na vya maabara za nchi, kama ile ya KEBS jijini Nairobi, navyo husawazishwa na vya maabara za juu zaidi. Kosa la huko juu hurithiwa hadi kitandani pa mgonjwa, na hospitali haiwezi kuligundua kwa kurudia kupima na kifaa kile kile.