Léopards na kocha Desabre: somo kwa sisi wamama



Mwanzoni mwa 2024 tulibanana mwezi mzima mbele ya televizyo ya jirani, na wengine wetu tulisikiliza redio huku tukisonga bugali. Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire likaisha. Léopards wetu walimaliza wa ine. Kombe hawakulileta, lakini sisi tunaofundisha watoto tunaona wametuletea somo.

Tukumbuke walikotoka. Mwezi wa sita 2022 walipigwa na Gabon, kisha na Sudan. Wengi tukasema basi, tutalikosa hata hili, kama tulivyolikosa lile la mbele yake. Mwezi wa nane akaja kocha mpya, Mfaransa Sébastien Desabre. Alikuta darasa lililoanguka mitihani miwili. Mwalimu mpya hawezi kufuta pointi za zamani. Anaanzia pale alipokuta. Mwaka 2023 wakaifunga Mauritania 3-1, wakaenda kuifunga Gabon kwao 2-0, wakamaliza na Sudan 2-0 mjini Kinshasa. Waliokuwa mkiani wakawa wa kwanza wa kundi.

Côte d'Ivoire nako walianza polepole. Zambia 1-1, Maroko 1-1, Tanzania 0-0. Watoto wetu walinung'unika. Kisha ikaja Misri: 1-1, penalti, mpaka zamu ya makipa. Wa Misri akagonga mwamba; wetu, Lionel Mpasi, akafunga. 8-7! Usiku ule nani alilala? Guinea nayo ilitangulia kufunga, tukashinda 3-1. Tangu 2015 hatukuwa tumefika nusu fainali.

Tarehe 7 Februari, mbele ya Côte d'Ivoire, wimbo wa taifa ulipopigwa, vijana waliziba mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakavielekeza kichwani kama bunduki. Dunia nzima iliwaona. Tulifungwa 1-0, na Jumamosi Afrika Kusini wakatushinda kwa penalti. Lakini juma hilohilo familia za Sake zilikuwa zinafika hapa kwetu, magodoro kichwani na watoto mgongoni.

Kesho yake watoto wa avenue yetu walikuwa wanafanya ile ishara. Mmoja wetu alitaka kuwagombeza. Tukawauliza kwanza maana yake. Mtoto mmoja aliyetoka Sake akajibu: "Ni sisi wanatusema." Tulinyamaza.

Wamama, mtoto akifanya ishara ile, tusimpige. Tumuulize ameona nini njiani, kisha tumwache aseme mpaka amalize. Asipotaka kusema, tusimlazimishe. Tumpe kazi ndogo, achote maji na wenzake, acheze mpira. Wasichana nao wacheze.

Na yule aliyekatizwa masomo, tusiseme mwaka wake umekufa. Léopards walianza na kupigwa mara mbili. Kama unapokea familia nyumbani, mpeleke mtoto kwenye shule ya karibu hata bila yunifomu, uongee na mwalimu. Sisi walimu tutambananisha kwenye benchi. Na siku ya likelemba, kila mmoja wetu aje na daftari moja na kalamu moja. Mwalimu anaanzia pale alipokuta, mama pia.