Fahamu: Kikaangio cha hewa au oveni, kipi kinakufaa?

Jina lake linapotosha kidogo. Kikaangio cha hewa hakikaangi. Ni oveni ndogo yenye feni kali. Koili iliyo juu hupasha hewa, feni huizungusha kwa kasi, unyevu wa nje ya chakula hukauka, na ngozi ya kuku hukakamaa. Philips ilikizindua chake mwaka 2010. Leo unavikuta hata Kariakoo.

Wengi huuliza kwanza habari za umeme wa LUKU. Kikaangio cha wati 1,500 kikiwaka mfululizo dakika 20 hula nusu uniti. Oveni ya wati 2,400 ikiwaka nusu saa hula uniti 1.2, na sehemu ya muda huo inaishia kuipasha moto tu. (Vyote hujizima na kujiwasha vikifikia joto ulilopanga, kwa hiyo matumizi halisi huwa chini kidogo.)

Lakini hiyo ni hesabu ya mlo wa watu wawili au watatu. Wageni wa Idi wakijaa sebuleni, utarudia kujaza kikapu cha kikaangio mara nne, na nafuu yote imekwisha. Ukikirundika, hewa hukosa njia na chipsi hulegea.

Sambusa hutoka vizuri ukizipaka mafuta, ingawa hazifikii za karai, tusidanganyane. Kalimati usijaribu: rojo litavuja kwenye matundu. Keki kubwa na mikate, oveni.

Na kama oveni yako ina feni, jaribu kwanza kupanga chakula juu ya waya badala ya sinia kabla hujatoa pesa mfukoni kununua kikaangio.