TWENDE RWEYA NA WATOTO



Watu wengi wakisikia neno matembezi hudhani ni jambo la watalii wenye fedha. Siyo hivyo. Sisi wa Kitendaguro, na wenzetu wa vijiji vya Bukoba na Muleba, tunaweza kutembea na familia bila nauli. Tunatoka kibanjani, tunashuka bondeni, kisha tunapanda polepole mpaka rweya, yaani uwanda wa majani ulio juu ya mwinuko. Mtoto wa miaka sita anaweza. Bibi mwenye mkongojo naye anaweza, mradi hatuna haraka.

Lakini matembezi haya ni darasa pia. Mtoto akirudi nyumbani awe amejua jambo moja: rweya ndiyo iliyolisha kibanja.

Kibanjani
Kabla ya kuondoka, watoto washike udongo wa chini ya migomba na mibuni. Ni mweusi na laini. Waambiwe waukumbuke.

Bondeni
Hapa tunakuta mafunjo, matete na chemchemi. Maji haya yanatoka wapi? Mvua ikinyesha juu, majani huizuia isikimbie. Maji huzama ardhini taratibu, na mengine hutokea huku chini. Watoto waangalie, ila wasioge wala kuchezea maji yaliyotuama. Humo huweza kuwamo konokono wanaoeneza kichocho.

Rweya
Tukifika juu, upepo unavuma na macho yanaona mbali. Watoto wakimbie, wacheze. Kisha tuchimbe kidogo kwa kijiti. Kumbe, udongo huu ni hafifu, una mchanga, wala hauna weusi ule wa kibanjani! Kwa nini? Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na mvua nyingi namna hiyo huosha rutuba ya ardhi.

Basi weusi wa kibanja ulitoka wapi? Ulitoka kwenye kazi ya wazee wetu. Ng'ombe walikula majani rweya mchana, usiku wakalala nyumbani, na samadi ikatiwa kwenye migomba. Majani yalikatwa kuezekea nyumba ya msonge na kutandikwa sakafuni. Mengine yalitandazwa shambani, yakafunika udongo, yakatunza unyevu, yakaoza, yakawa chakula cha mgomba. Akina mama nao walilima njugu mawe huko rweya. Na senene, nani asiyejua kwamba kwao ni majanini?

Kazi hiyo ikikatika, kibanja hudhoofu. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi sana katika nchi zetu hizi, na samadi ikapungua. Kibanja kilichokosa samadi na majani hugeuka kikamba, shamba lililochoka ambalo migomba yake hutoa mikungu midogo.

Siku hizi tuko hatarini tena. Ng'ombe ni wachache. Sehemu nyingi za rweya zimepandwa paini na mikaratusi. Hatusemi miti ni mibaya, maana inaleta fedha na mbao. Tunasema tupime: tukipanda miti kila mahali, majani ya kutandaza tutayakata wapi? Na moto je? Anayechoma rweya kila kiangazi anachoma mbolea ya jirani yake na yake mwenyewe. Majivu yanapeperushwa na upepo, ardhi inabaki uchi, mvua ya kwanza inaibeba.

Huko Kitulo, katika Nyanda za Juu Kusini, kuna uwanda wa majani na maua uitwao Bustani ya Mungu. Tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, na wageni hutoka mbali kuja kuuona. Rweya yetu haina jina kubwa hivyo, lakini ndiyo iliyotupa ndizi mezani.

Mambo ya kukumbuka safarini
1. Tuchague siku ya kiangazi, kama mwezi wa Julai. Mvua za kwetu hupenda kuja alfajiri na asubuhi kutoka ziwani, kwa hiyo tungoje anga litakate.
2. Tubebe maji yaliyochemshwa na ndizi za kuchoma.
3. Mtoto avae viatu na asitie mkono kwenye shimo. Nyoka wapo.
4. Ngurumo zikisikika, tushuke mara moja. Tusijikinge chini ya mti ulio peke yake, kwani radi hupenda kuupiga.
5. Tusiwashe moto. Wakati wa kurudi, kila mwenye nguvu abebe mzigo wa majani ya kutandaza, ila kwanza tumwombe mwenye eneo.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini udongo wa kibanja ni mweusi kuliko wa rweya?
2. Katika mtaa wako, rweya iliyobaki inatumiwa na nani, na kwa kazi gani?
3. Tufanye nini ili wajukuu wetu wasirithi kikamba?